Sauti Nne za The Seekers

Nimefundisha kwaya sehemu kubwa ya maisha yangu, na watu huniuliza nilisomea wapi. Chuoni nilifundishwa solfa, kinanda na namna ya kusimama mbele ya waimbaji. Lakini kuimba kwa sauti nne, kuimba huku sikio lako liko kwa mwenzako, nilijifunza nyumbani Lushoto kutoka kwa waimbaji wanne wa Australia: Judith Durham, Athol Guy, Keith Potger na Bruce Woodley. Kundi lao liliitwa The Seekers. Niliwapenda nikiwa mtoto, na kadiri nilivyoendelea na kazi hii ndivyo nilivyozidi kuelewa kwa nini. Walijua jambo ambalo kwaya nyingi hulitafuta bila kulipata, nalo ni kupeana nafasi.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na katika kwaya ya usharika aliimba besi. Mwalimu mmoja wa kujitolea, aliyekuwa akirejea kwao, alimwachia kinanda cha santuri cha betri pamoja na santuri chache. Mojawapo ilikuwa The Best of The Seekers, mkusanyo uliotoka mwaka 1968. Nyumba yetu haikuwa na umeme na betri zilikuwa ghali, kwa hiyo santuri zilipigwa Jumapili tu, baada ya ibada. Betri zilipoanza kuchoka tulizianika juani ili zipate uhai kidogo wa kumalizia upande wa pili.

Hizo betri zilizochoka ndizo zilizonifungua masikio. Nguvu ikipungua, sahani huzunguka polepole na sauti zote hushuka kwa pamoja. Jumapili moja sauti ya Judith Durham, ambayo kawaida yake ni kupaa, ilishuka ikawa nzito, na wimbo ukaenda taratibu mno. Baba hakuuzima. Aliniona nimeinamisha kichwa karibu na spika, akaniuliza:

"Unamsikiliza nani?"

"Huyo mama anayeimba juu."

"Huyo kila mtu anamsikia, mwanangu. Mwache aimbe. Wewe mshike mmoja wa wale wa chini, umfuate mpaka wimbo uishe, usimwachie."

Akarudisha sindano mwanzo. Nikamshika mwanamume mmoja aliyekuwa hatua chache tu chini ya Judith. Alimfuata neno kwa neno. Mama yule alipovuta pumzi naye alivuta, alipokata neno naye alilikata, lakini hakumfunika hata mara moja. Sindano iliporudishwa tena nikamfuata mwingine, ambaye alibaki palepale kwenye noti yake wakati wenzake wanapanda. Kwa mwendo wa kawaida nisingewatenganisha. Kwa mwendo ule wa betri zinazokata roho, kila sauti ilisimama peke yake, nikaona namna wimbo ulivyojengwa.

Baadaye, nilipoanza kusoma habari zao, niligundua kwamba kundi hili lilianza kama kazi ya jioni baada ya ofisi. Guy, Potger na Woodley walikuwa wamesoma shule moja, Melbourne High School, na mwaka 1962 walikuwa wakiimba mjini Melbourne pamoja na mwenzao aliyeitwa Ken Ray. Ray alipoondoka kwa sababu ya kuoa, nafasi yake ikajazwa na Judith Durham, binti wa miaka 19 aliyekuwa karani katika wakala wa matangazo ya biashara ambako Athol Guy pia alifanya kazi. Judith alikuwa amesomea piano, na jioni aliimba jazi na nyimbo za kiroho za Wamarekani Weusi pamoja na bendi za pale mjini. Potger alikuwa akifanya kazi redioni, kwa hiyo ikawa rahisi kupata mahali pa kurekodi kanda ya majaribio. Kanda hiyo ikawafikisha kwenye kampuni ya santuri, na albamu yao ya kwanza ikatoka mwaka 1963.

Kuna jambo moja katika maisha ya Judith ambalo huwasimulia waimbaji wangu kila mwaka. Akiwa mtoto wa miaka minne aliugua surua, na ugonjwa huo ukamwachia kasoro ya kudumu ya mapafu. Mtu anayesikiliza santuri zake hawezi kulijua hilo. Sauti inatoka imenyooka, sentensi ndefu zinafika mwisho bila kukatika, na kila konsonanti inasikika. Mimi nilizijua nyimbo zile kabla sijajua Kiingereza vizuri, na niliweza kuandika maneno yake kwa kusikiliza tu kwa sababu hakumeza silabi. Mwimbaji wa namna hiyo hategemei ukubwa wa kifua chake. Anategemea hesabu: anajua pumzi aliyonayo, anajua sentensi inahitaji kiasi gani, anagawa. Mwimbaji akiniambia hana pumzi, namtolea mfano wa Judith Durham, kisha tunakaa tunapanga mahali pa kupumua.

Mwaka 1964 wanne hao walipanda meli iitwayo Fairsky kwenda Uingereza, wakiwa wameajiriwa kuwaimbia abiria. Walikusudia kukaa wiki 10. Walipofika London walikuta kazi inawasubiri, kwani santuri zao zilikuwa zimewatangulia kwa wakala wa wanamuziki, na safari ya wiki chache ikageuka makazi ya miaka. Huko wakakutana na Tom Springfield, mtunzi ambaye kundi alilokuwa nalo pamoja na dada yake Dusty, The Springfields, lilikuwa limevunjika mwaka uliotangulia. Tom alihitaji sauti za kuimba nyimbo zake. The Seekers walihitaji nyimbo zilizoshonwa kwa vipimo vyao. Wa kwanza, I'll Never Find Another You, walirekodi katika studio za EMI barabara ya Abbey Road. Ulipanda polepole, na Februari 1965 ukafika nafasi ya kwanza Uingereza, katika miaka ambayo The Beatles na The Rolling Stones walikuwa wameishika nchi nzima. Marekani nako ukaingia katika tano bora.

Wimbo ninaoupenda kuliko yote ni The Carnival Is Over, uliofika nafasi ya kwanza Novemba 1965 na kuuza nakala zaidi ya milioni moja Uingereza peke yake. Tuni yake si ya Springfield. Ni wimbo wa Warusi unaomhusu Stenka Razin, mwasi wa Kikosaki wa karne ya 17, ambaye katika masimulizi alimtupa binti wa kifalme wa Kiajemi katika Mto Volga ili kuwaridhisha watu wake. Springfield aliichukua tuni hiyo na kuitungia maneno mapya ya wapendanao wanaoagana. Ukatili wa masimulizi ya zamani umeondoka, lakini uzito wake umebaki kwenye tuni. Ndiyo maana wimbo wenye maneno mepesi kiasi kile unaweza kumliza mtu mzima.

Usikilize kwa makini. Vyombo havishindani na waimbaji. Judith anabeba tuni bila kuipamba. Haongezi mizunguko, hapigi kelele panapopanda, haigizi kilio. Huzuni anaiachia tuni yenyewe ifanye kazi yake. Wanaume wanapoingia, wanaingia chini yake na kwa kipimo kilekile cha sauti, ili wimbo upanuke bila yeye kusukumwa pembeni. Na sasa fanya alivyonifundisha baba: chukua sauti moja ya katikati, uiimbe peke yake. Utashangaa jinsi ilivyo ya kawaida. Inapanda kidogo, inashuka kidogo, inarudi ilikotoka. Hakuna mtu atakayeipigia mluzi njiani. Lakini iondoe kwenye wimbo, na wimbo mzima utapwaya. Bruce Woodley na Keith Potger walikuwa watunzi na wapiga gitaa hodari, watu ambao wangeweza kudai mbele pawe pao. Walikubali kuziimba sauti zisizopigiwa mluzi, na waliziimba kwa uangalifu uleule kama vile ndizo tuni. Athol Guy, mwenye miwani ya fremu nyeusi na besi yake kubwa ya kusimama, ndiye aliyewawekea wote sakafu ya kukanyagia.

Wimbo wao uliovuma zaidi Marekani ulikuwa Georgy Girl, uliotungwa na Springfield pamoja na Jim Dale kwa ajili ya filamu ya 1966 yenye jina hilohilo. Ulifika nafasi ya pili huko na ukapendekezwa kwa tuzo ya Oscar ya wimbo bora wa filamu. Tuzo hiyo ikaenda kwa Born Free, wimbo wa filamu iliyopigwa Kenya kuhusu simba jike Elsa na familia ya Adamson. Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kuufurahia ushindi ule, lakini nikiziweka nyimbo hizo mbili pamoja, ninaourudia ni Georgy Girl. Unaanza kwa mluzi mchangamfu, na ndani yake kuna msichana mpweke anayezungumziwa kwa huruma. Kuimba jambo la upweke kwa furaha bila kulifanyia dhihaka ni kazi ngumu, na Judith aliifanya.

Tarehe 12 Machi 1967 waliimba kwao Melbourne, kwenye uwanja wa wazi wa Sidney Myer Music Bowl, mbele ya watu wanaokadiriwa kufika 200,000. Hapakuwa na fataki wala skrini kubwa. Walisimama wanne, magitaa mawili na besi, wakiwa na okestra nyuma yao. Wakatunukiwa pia heshima ya Mwaustralia wa Mwaka ya 1967, wote wanne kwa pamoja, heshima ambayo kwa kawaida hupewa mtu mmoja. Naona heshima ile ililenga penyewe, kwa kuwa hakuna ambaye angeweza kusema nani kati yao ndiye The Seekers.

Wapo waliowaona wepesi. Wapenzi wa muziki wa jadi walilalamika kwamba wameulainisha, na vijana wa magitaa ya umeme waliwaona wasafi kupita kiasi kwa zama za maandamano na vita vya Vietnam. Nimezisoma hoja hizo na sikubaliani nazo. Hawa walikuwa watu waliokaa meza moja na watunzi wakubwa wa wakati wao. Paul Simon, kabla dunia haijamjua, aliwapa wimbo wake Someday One Day, na pia alitunga na Bruce Woodley wimbo Red Rubber Ball, ambao kundi la Kimarekani The Cyrkle liliupeleka nafasi ya pili nchini mwao mwaka 1966. Morningtown Ride, ambao watoto wa nchi nyingi wamelalia, ulitungwa na Malvina Reynolds, mwanamke aliyejulikana Marekani kwa nyimbo za kutetea haki. Kuimba kwa utulivu si dalili ya kukosa la kusema. Watu wenye homa ya zama zao huhitaji pia sauti isiyotetemeka, na nyumbani kwetu ilitusaidia. Mwaka mama alipougua muda mrefu, baba aliipiga santuri ile hata siku zisizo za Jumapili, akinunua betri kwa fedha ambazo hatukuwa nazo. Mama alikuwa akisema kwamba watu wale wanaimba kama waliokwisha kusameheana.

Maneno yale ya mama yamekuwa kipimo changu. Kwaya ikiimba vizuri, msikilizaji anahisi kwamba waliosimama pale hawadaiani kitu.

Na kundi lile liliachana kwa namna inayofanana na uimbaji wake. Mwanzoni mwa 1968 Judith aliwaarifu wenzake kwamba anataka kuondoka na kuimba peke yake. Wakamaliza ratiba waliyokuwa nayo, na Julai wakaagana na wasikilizaji wao katika kipindi cha televisheni cha BBC kilichotazamwa na watu zaidi ya milioni 10. Mwaka uliofuata, wakiwa hawapo tena, mkusanyo wao ule tuliokuwa nao nyumbani ulipanda hadi kileleni mwa orodha ya albamu Uingereza. Kila mmoja akashika njia yake. Potger aliunda The New Seekers. Guy aliingia katika bunge la jimbo la Victoria. Woodley, mwaka 1987, alishirikiana na Dobe Newton kutunga I Am Australian, wimbo ambao Waaustralia wengi wanauimba kama wimbo wa pili wa taifa. Mwaka 1993, robo karne baada ya kuachana, walirudi jukwaani wote wanne walewale.

Mei 2013, wakati wa ziara ya kuadhimisha miaka 50 ya kundi, Judith alipata kiharusi muda mfupi baada ya onyesho la Melbourne. Uwezo wake wa kusoma na kuandika uliathirika, pamoja na kusoma noti. Uwezo wa kuimba ulibaki. Alifanya mazoezi, akarudi kwa wenzake, na mwaka 2014 waliimba Royal Albert Hall mjini London. Nimetazama video za ziara ile. Waimbaji wale wana miaka 70 na zaidi, na Judith haendi juu kwa wepesi wa zamani. Wanaume wale watatu wanamtazama. Anapochelewa kidogo kuingia, nao wanachelewa. Anapofupisha noti, nao wanafupisha. Hakuna aliyeongeza sauti ili kuziba pengo. Walichojifunza wakiwa vijana, cha kumwacha mwenzao aongoze na kumfuata kwa masikio, ndicho kilichowawezesha kumbeba alipohitaji kubebwa.

Judith Durham alifariki Melbourne tarehe 5 Agosti 2022, akiwa na miaka 79, na jimbo la Victoria likamfanyia ibada rasmi ya kumbukumbu.

Wiki ile nilikuwa nikiiandaa kwaya yetu kwa tamasha. Tunaye binti mmoja wa sauti ya kwanza mwenye kipaji kikubwa, na sauti yake ilikuwa ikiwameza wenzake. Nikazima kinanda na spika zote, nikawaweka waimbaji katika duara, watazamane. Nikamwomba binti yule aimbe kwa nguvu ya kumwezesha kumsikia dada wa sauti ya pili aliye kushoto kwake, na isizidi hapo.

"Mwalimu, nikiimba chini hivyo, watu wa nyuma watanisikiaje?"

"Hawatakusikia wewe. Watausikia wimbo."

Alijaribu. Mara ya kwanza sauti yake ilipotea, kwa kuwa alikuwa amezoea nguvu, naye hakujua afanye nini bila nguvu hiyo. Tukarudia. Safari hii alimtazama yule wa sauti ya pili mdomoni, akavuta naye pumzi. Ubeti wa pili ulipoingia, sauti nne zilikaa mahali pake, na katika jengo lile la bati na zege nikasikia mtetemo ambao hutokea noti zinapokubaliana sawasawa. Waimbaji wenyewe waliusikia. Mzee mmoja wa besi aliacha kuimba akatazama juu ya dari kutafuta sauti ya tano inatoka wapi.

Ninachotaka wasomaji wakichukue hapa hakiishii kwenye muziki, ingawa ndani ya muziki ndipo nilipokiona. Siku hizi kila kitu kinatusukuma tusikike. Kwaya zinanunua spika kubwa kuliko za jirani, kila mwimbaji anataka kipaza sauti chake, na mikutano yetu ya kijiji, ya ofisi na ya familia inaendeshwa kwa mtindo huohuo. The Seekers walifika mbali kwa njia nyingine. Walikuwa na mmoja mwenye sauti ya ajabu, na wenzake hawakumwonea wivu. Walikuwa na watatu wenye vipaji vya kutosha kuongoza, na yule mmoja hakuwafanya vibarua. Kila mmoja alitoa kilichotakiwa na wimbo, wala hakutoa zaidi.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu wa kwaya: zimeni kinanda walau mara moja kila mazoezi, waimbaji wasikilizane. Na wewe msomaji, kama hujawahi kuwasikia The Seekers, anza na The Carnival Is Over. Siku hizi huhitaji betri wala jua. Nyimbo zao zinapatikana kwenye simu. Usikilize mara ya kwanza kwa ajili ya Judith Durham, kwa sababu anastahili. Kisha urudie, ushike sauti moja ya chini, uifuate mpaka mwisho bila kuiachia. Aliyeiimba aliifanyia kazi, naye anastahili kusikilizwa.